Tumetengwa kwa ajili gani?

Barua iliyo mezani petu juma hili ni fupi. Imeandikwa na mwanafunzi wa Goma, wa darasa la mwisho la sekondari. Jina lake twalificha, maana anamtaja baba yake, na baba hakuombwa ruhusa. Kijana huyu aeleza kwamba katika mafundisho ya Kipaimara padre aliwasomea Waraka wa kwanza wa Mtume Petro, pale Mtume anapowaambia wabatizwa ya kuwa Mungu amewachagua na kuwatenga wawe watu wake mwenyewe. Ndipo kijana auliza: “Tumetengwa namna gani? Twavaa kama wengine, twala bugali na sombe na sambaza kama wengine, twapita barabara zile zile za vumbi jeusi. Mkristu na asiye Mkristu wakisimama pamoja mpakani, nani atawatambua?”

Hilo ni swali la kwanza. La pili ni zito zaidi. Baba yake hufanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani. Siku waliposikia katika redio habari za Floribert Bwana Chui kutangazwa Mwenye Heri huko Roma, baba alinyamaza kwanza, halafu akasema: “Yeye amekufa, na mchele mbaya ungali wapita. Amemwachia mama yake kilio, basi.” Kijana hakuwa na la kujibu, naye ametuomba tujibu sisi.

Tutajaribu. Lakini twakiri tangu mwanzo kwamba maneno ya baba huyu si maneno ya mpumbavu, wala si ya mtu asiye na imani. Ni maneno ya mtu ajuaye kazi yake. Atakayemjibu kwa haraka hajapata bado kusimama mahali pale, mvua ikinyesha, lori likisubiri, na mwenye mali akipiga simu kila dakika kumi.

Tulianze lile jepesi. Kuna waraka wa kale sana, ulioandikwa kwa Kigiriki yapata karne ya pili, kwa mtu aitwaye Diogneto. Mwandishi wake hajulikani. Diogneto hakuwa Mkristu, bali alitaka kujua, naye alisumbuliwa na swali hilo hilo la kijana wetu. Mwandishi alimjibu kwamba Wakristu hawana miji yao peke yao, wala lugha yao, wala mavazi yao. Wakaa po pote walipozaliwa, wafuata desturi ya nchi katika chakula na nguo. Kisha akataja mambo machache yaliyowashangaza majirani. Wakristu walizaa watoto kama watu wote, lakini hawakuwatupa wachanga, kama wengi walivyofanya siku zile. Meza yao ilikuwa wazi kwa wote. Kitanda chao hakikuwa wazi kwa wote. Basi mtu aliyepita sokoni asingewatambua. Aliyekaa nao nyumba kwa nyumba mwaka mzima aliwatambua.

Neno lenyewe la Kiswahili lafaa kuangaliwa. Kutenga kuna namna mbili. Kijiji humtenga mtu kwa kumchukia, asile nao, asizike nao. Lakini mama naye, wakati wa mavuno, hutenga maharage ya mbegu kutoka yale ya chungu. Hayatengi kwa sababu ameyachukia. Kinyume chake, huyachagua yaliyo mazuri, huyaweka juu yasiliwe na panya, na mvua ikija huyarudisha udongoni. Mbegu iliyotengwa isiporudi shambani imetengwa bure. Mungu ametutenga kwa namna ya mama huyo.

Twalisema jambo hili kwa mkazo kwa sababu katika mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini namna ile nyingine ya kutenga twaijua mno. Mwaka 1993, huko Walikale na Masisi, majirani walitengana kwa kabila hata wakauana, na wengi wao walikuwa wamebatizwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu katika siku chache tu. Walikuwa watu waliotoka katika nchi iliyojaa makanisa, ambamo waumini walikuwa wamewindwa na waumini wenzao. Kipindupindu kikaja, kikaua maelfu bila kuuliza kabila. Mtu akituambia leo kwamba taifa teule la Mungu ni watu wa ukoo wake, au wa mlima wake, na afungue kitabu cha ubatizo cha parokia yake ayasome majina kwa mfuatano. Atakuta majina ya kila lugha yameandikwa kwa wino mmoja.

Sasa tuje kwa Floribert, maana yeye ni jibu la swali la kwanza, na pia ndiye chanzo cha swali la pili.

Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Jina lake kamili ni Floribert Bwana Chui Bin Kositi. (Wazungu walisoma jina hilo kwa taabu, sisi wasemaji wa Kiswahili twalielewa lote bila kufundishwa, nasi twakiri kwamba kulisikia likitajwa katika Misa ya Roma kulitufurahisha.) Alikulia katika mji wa taabu. Alikuwa kijana wa miaka 20 wakati Nyiragongo ilipopasuka, tarehe 17 Januari 2002, na mto wa moto ukapita katikati ya mji hata ziwani, ukazika nyumba na maduka pamoja na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Alisoma sheria. Wakati wa masomo alijiunga na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na Andrea Riccardi, aliyekuwa bado mwanafunzi. Kazi ya wanajumuiya wa Goma ilikuwa pamoja na watoto wa barabarani, wale ambao mji mzima huwaita maibobo, na ambao watu wengi huwafukuza kwa fimbo. Floribert aliketi nao, akawafundisha, akawasaidia warudi shuleni.

Mwaka 2007 alikuwa mfanyakazi wa Office Congolais de Contrôle, ile OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Yeye alihusika na bidhaa zilizoharibika. Kazi hiyo kwa maneno machache ni hii: mzigo ukiwa mbovu, mkaguzi huandika kwamba ni mbovu, nao huteketezwa, ukiwa mzima, husaini, nao hupita. Kila kitu chategemea kalamu ya mtu mmoja. Ukaja mzigo wa chakula kilichoharibika, mchele hasa. Wenye mzigo walitaka upite. Walimpa fedha, akakataa, wakaongeza, akakataa, akasukumwa na kutishwa, akakataa. Alimsimulia jambo hilo sista mmoja mganga aliyekuwa rafiki yake, na kwa ushuhuda wake twajua jinsi kijana huyu alivyolipima moyoni. Alisema kwamba fedha ile ingekwisha upesi, na je, wale ambao wangekula chakula kile wangepatwa na nini? Tena alijiuliza kama anaishi kwa ajili ya Kristu ama sivyo. Hakuongeza hoja nyingine.

Jumamosi, tarehe 7 Julai 2007, alitekwa nyara. Aliuawa usiku ule, na Jumatatu tarehe 9 maiti yake ilionekana, yenye alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tazameni jinsi habari hii isivyofanana na zile tulizozizoea katika vitabu vya watakatifu. Hakuna mfalme mwenye upanga anayemwamuru Mkristu aikane imani yake. Hakuna mtu aliyemwambia Floribert atupe rozari, wala akanyage msalaba. Wale waliomtaka asaini wangeweza, kwa yote tunayoyajua, kuketi karibu naye kanisani Dominika iliyofuata na kuimba vizuri kuliko yeye. Hawakumwomba imani yake. Walimwomba sahihi tu.

Ndiyo maana watu wengi wema wameuliza, hata mapadre: huyu aliuawa kwa ajili ya mchele, amekuwaje mfiadini? Swali si la utundu, nalo Kanisa limelijibu zamani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alijiuliza kama ni imani peke yake iwezayo kumfanya mtu kuwa mfiadini. Akajibu kwamba tendo lo lote la haki, mtu akilitenda kwa ajili ya Mungu, ni namna ya kuungama imani, na kwa hiyo laweza kuwa sababu ya ufiadini. Akamtaja Yohane Mbatizaji. Yohane hakukatwa kichwa kwa sababu alikataa kumkana Mungu. Alikatwa kwa sababu alimwambia Herode kwamba si halali kwake kumchukua mke wa ndugu yake. Mbele ya macho ya askari lilikuwa jambo la nyumba ya mfalme tu. Kanisa halijapata kusita hata siku moja kumwita Yohane mfiadini.

Tena katika nchi yetu ya Kongo jambo hili si geni. Isidore Bakanja, kijana mfanyakazi wa shamba la kampuni, alipigwa mjeledi na msimamizi wake Mzungu kwa sababu ya skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa. Akafa kwa vidonda vile mwaka 1909, akatangazwa Mwenye Heri mwaka 1994. Sista Anuarite aliuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kuilinda nadhiri yake ya usafi, akatangazwa Kinshasa mwaka 1985. Siku tatu kabla ya kifo chake, tarehe 28 Novemba 1964, mapadre Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, pamoja na Bruda Vittorio Faccin, waliuawa Baraka na Fizi. Hao walitangazwa Uvira mwaka 2024. Mmoja kwa kitambaa shingoni, mwingine kwa nadhiri, wengine kwa kubaki na waumini wao. Na huko Italia, Rosario Livatino, hakimu wa Sisilia aliyeuawa na majambazi wa mafia mwaka 1990 kwa sababu hakuipindisha sheria, alitangazwa Mwenye Heri mwaka 2021. Hakimu kwa kalamu yake, mkaguzi kwa kalamu yake.

Baba Mtakatifu Fransisko alimtaja Floribert mbele ya vijana katika Uwanja wa Mashahidi wa Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023. Aliwaambia kwamba kijana huyo angaliweza kufumba macho, wala asingalijulikana na mtu, na faida angalipata. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Novemba 2024, alikubali tamko la kwamba Floribert aliuawa kwa chuki ya imani. Yeye mwenyewe hakuiona sikukuu. Alifariki mwezi wa Aprili 2025. Sherehe ilifanyika tarehe 15 Juni 2025, Dominika ya Utatu Mtakatifu, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, ikiongozwa na Kardinali Marcello Semeraro. Na kesho yake Baba Mtakatifu Leo XIV aliwapokea mahujaji. Siku zile mji wa Floribert ulikuwa umekwisha kuingia mikononi mwa waasi wa M23, tangu mwisho wa Januari mwaka ule. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa na mabenki yamefungwa. Wengi walioketi naye darasa moja hawakuweza kwenda.

Turudi kwa baba wa kijana. “Mchele mbaya ungali wapita.” Hatutamjibu kwamba hapana, haupiti. Yeye ajua kuliko sisi. Kama kifo cha mtu mmoja kingefunga njia zote za rushwa, basi zingalikwisha kufungwa Goma tangu mwaka 2007, nasi twajua hazikufungwa. Lakini tumwombe atazame jambo moja ambalo hesabu yake imeliacha. Mzigo ule alioukataa Floribert haukupata sahihi yake. Chakula kilichooza si hasara ya mfukoni tu. Nafaka ikilowa na kuhifadhiwa vibaya huota kuvu, na baadhi ya kuvu huzaa sumu inayoua ini la mtu; kupika hakuimalizi. Mwaka 2004, huko Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yenye sumukuvu: wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao wakafa. Mahindi yale yalionekana sokoni kama mahindi mengine, na mama aliyeyapika aliwapikia watoto wake kwa mapenzi. Basi Goma wako watu ambao mwaka 2007 hawakuugua. Hawajui kwamba hawakuugua. Hakuna mtu ajaye kutoa shukrani kwa ugonjwa ambao haukumpata, wala hakuna daftari liandikalo majina ya watu hao. Huenda baba huyu, au kijana mwenyewe, aliyekuwa mtoto au hajazaliwa bado, wangekuwa miongoni mwao.

“Amemwachia mama yake kilio.” Hapa twanyamaza kidogo. Ni kweli, na hakuna sherehe ya Roma iwezayo kukifanya kilio kile kuwa uongo. Twasema tu kwamba Kanisa halijamfundisha mtu kukitafuta kifo. Wakristu wa Smirna, walipoandika habari za kufa kwa askofu wao Polikarpo katika karne ya pili, walisimulia pia habari za Kwinto fulani aliyejipeleka mwenyewe kwa watesi kwa mbwembwe. Alipowaona wanyama wakali aliogopa, akatoa sadaka kwa miungu. Wakaandika wazi kwamba hawawasifu wanaojipeleka. Floribert hakujipeleka. Aliamka, akaenda kazini, akafanya kazi ambayo serikali ilimwajiri aifanye. Waliomfanyia mama yake kilio ni wale waliomwua, na lawama yao tusiibebeshe maiti.

Lakini twahisi, labda twakosea, kwamba baba huyu hakuwa akimhukumu Floribert. Alikuwa akisema na nafsi yake. Mtu atafutaye riziki mpakani hukutana na jambo hili kila siku, tena kwa vipimo vidogo vidogo, si kwa mzigo mmoja mkubwa. Yafaa tupambanue, maana asiyepambanua hukata tamaa na kusema kwamba yote ni mamoja.

Mama avukaye pale barieri ndogo na beseni la nyanya kichwani, akazuiwa bila haki, akatozwa kitu asichodaiwa na sheria yo yote, akatoa ili nyanya zisioze: huyo ameibiwa. Tusimwambie kwamba ametenda dhambi ya rushwa. Dhambi ni ya yule aliyeunyosha mkono. Mwenye lori atoaye fedha ili bidhaa mbovu iitwe nzima: huyo amenunua uovu, na kila atakayeugua yumo katika bei aliyolipa. Kati ya hao wawili yako mambo mengi ya katikati, nasi wenyewe tumo humo. Siku moja tulihitaji karatasi katika ofisi fulani. Haki yetu ilikuwa kuipata bure, ila baada ya majuma matatu. Tulitoa matabishi, tukaipata mchana ule ule, na tulipotoka nje tulimshukuru Mungu kwa msaada wake! Hata sasa twaona haya tukikumbuka shukrani ile kuliko tukikumbuka fedha yenyewe, kwa maana katika foleni nyuma yetu alikuwako mzee aliyekuwa amefika kabla yetu.

Lipo pia jambo la mishahara. Mfanyakazi asiyelipwa miezi na miezi, mwenye watoto sita na kodi ya nyumba, huambiwa na wakubwa wake kwa vitendo: jilipe mwenyewe. Mtume Yakobo aliwakemea vikali matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wao, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika amri ya saba, yaihesabu dhuluma ya mshahara pamoja na rushwa yenyewe. Kwa hiyo mhubiri amkemeaye karani na kumwacha mkubwa aliyekula mshahara wa karani amehubiri nusu. Hata hivyo mshahara usiolipwa haukifanyi chakula kibovu kuwa kizuri. Atakayekila ni mtoto wa karani mwingine asiyelipwa.

Na hapa tuna neno kwa parokia zetu, si kwa baba huyu peke yake. Katika jumuiya zetu ndogo za Wakristu, zile muitazo mashirika, twajua kukusanyika mtu akifiwa. Twatoa unga, twatoa maharage, twakesha. Ni kazi njema, isiachwe. Lakini mfanyakazi akikataa kusaini jambo ovu, akanyimwa zamu, akahamishwa, akatishwa, je, shirika lake lajua? Na likijua, humwambia nini? Mara nyingi humwambia kwamba ni mjinga. Mke wake huambiwa kisimani kwamba wenzake wamejenga nyumba za matofali. Tumetengwa kuwa watu, asema Mtume Petro. Watu, yaani wengi pamoja. Floribert alikuwa na wenzake katika jumuiya yake, waliosali naye na kufanya kazi naye kwa maibobo, nasi hatuamini kwamba moyo ule aliupata peke yake chumbani. Mtu atakiwaye kusema hapana huhitaji wenzake waliozoea kuisikia, na gunia la unga mlangoni mwake mwisho wa mwezi.

Ninyi wanafunzi, msidhani ya kuwa haya ni mambo ya wakubwa. Pointi zanunuliwa. Ninyi mwajua bei yake, sisi hatutaitaja. Mwanafunzi anunuaye Mtihani wa Taifa, kisha akanunua pointi za shule ya uuguzi, siku moja atasimama kando ya kitanda na sindano mkononi, na mgonjwa atadhani kwamba yeye ajua kipimo cha dawa. Kuna tofauti gani na mchele ule? Karatasi yasema nzima, na ndani pameoza. Na msichana ambaye mwalimu amtaka mwili wake kwa pointi asijione kuwa mwenye hatia kwa kukataa, wala kwa kusema. Amweleze mama, au sista, au mwalimu mwingine amwaminiye. Na wazazi, mkiambiwa, msianze kwa kumwuliza alikuwa amevaa nini.

Ninyi wazazi, mengine huanzia nyumbani kabla ya mpaka wo wote. Mdai agonga mlango, na baba amnong'oneza mtoto: “Mwambie sipo.” Mtoto wa miaka mitano aenda, asema, arudi, na baba amsifu kwa akili yake. Baada ya miaka ishirini mtoto yule apewa kalamu ya serikali, nasi twashangaa anapoandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Mwisho wa barua yake kijana ameongeza mstari mmoja kwa penseli, kama aliyesita. Auliza kama Mkristu atakaye kuokoa roho yake aikimbie kazi ya forodha na ukaguzi, atafute nyingine isiyo na majaribu. Hapa hatusiti. Ukifaulu kwa kalamu yako mwenyewe, omba kazi hiyo. Mathayo alitoka katika meza ya ushuru kwa kuwa Bwana alimwita kwenda kwingine. Lakini Yohane Mbatizaji, watoza ushuru walipomwendea kuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoagizwa. Kama wote wenye dhamiri wakiondoka mpakani, nani atabaki kuufungua mfuko wa mchele na kuunusa?

Na kuhusu baba yako, kijana wetu. Ukumbusho wa Mwenye Heri Floribert ni tarehe 8 Julai. Mwombe mwende pamoja Misa ya siku hiyo. Asipotaka, usimsukume, wala usimsomee makala hii mezani mbele ya wadogo zako. Wewe umeandika kwamba siku ile, kabla hajasema neno, alinyamaza kwanza. Sisi tumefikiri sana juu ya kunyamaza kule. Siku moja jioni, mkiwa wawili tu, mwulize kwa adabu ni mara ngapi yeye mwenyewe amekataa. Huenda akakueleza habari ambazo hata mama yako hajazisikia.